Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Wapo watakaosema nilikuwa na homa. Wengine, wanaonifahamu vizuri, watasema ni upweke, kwamba mtu akikaa peke yake muda mrefu huanza kujitungia watu wa kuongea nao. Semeni mtakavyo. Mimi pombe sinywi, homa naijua inavyokuja na inavyoondoka, na haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu, mengine mchana kweupe mbele ya gulio zima. Sihitaji uniamini ndipo nilale. Nakwambia ili siku yakikukuta wewe, usiwe mjinga kama nilivyokuwa mimi.

Naishi Katubuka, hapa hapa Kigoma mjini. Nilifanya kazi karakana ya reli tangu ujana mpaka walipotupunguza, na mwaka ule ule mke wangu akafariki. Mabinti zangu wawili wameolewa, mmoja Tabora, mwingine Mwanza, na binti akishaolewa mbali salamu zake huja na treni, na treni yenyewe unaijua. Nyumba ikabaki na mimi na redio. Betri zikiisha, nabaki mimi.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Ziwa lilituletea watu wa Zaire, barabara ya Kasulu ikatuletea watu wa Burundi. Kila nyumba mtaani ilikuwa na mgeni, au angalau habari za mgeni. Yangu haikuwa na mgeni wala habari.

Gari nililipata kwenye mnada wa mali chakavu. Lilikuwa limevutwa kutoka Kidahwe, kwenye barabara ya Kasulu, walikolitelekeza wakimbizi, likakaa kwenye majani misimu kadhaa mpaka kuku wakataga ndani yake. Lilikuwa limepakwa rangi ya nyumba, ya kijani, kwa brashi. Kioo cha mbele hakipo, bampa hazipo, vifuniko vya magurudumu havipo. Nilipolifikisha nyumbani jirani yangu Bi Tausi, mjane anayeuza dagaa, alishika kiuno akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, wenzio wananunua mabati, wewe umenunua banda la kuku?"

Lakini mimi nililijua gari lile. Nikiwa kijana, kibarua mgeni pale stesheni, lilikuja na treni juu ya behewa la wazi, limefunikwa turubai. Turubai ilipovutwa, kazi ilisimama. La Kimarekani, milango miwili, boneti refu kama kitanda cha watu wawili, injini ya silinda nane. Rangi yake bluu, kama ziwa linavyokuwa saa nne asubuhi jua likiwa limelipiga sawasawa. Viti vyeupe. Bampa unajiona uso. Lilikuwa la tajiri mmoja wa Bujumbura, na sisi kazi yetu ilikuwa kulipandisha melini. Mnyororo wa winchi ukateleza, ukakwaruza chuma chini ya mlango wa dereva, nyapara akatutukana mpaka jioni. Sasa pale mnadani nilipiga magoti, nikapitisha kidole chini ya ule mlango. Mkwaruzo ulikuwapo.

Nikaamua nitalirudisha lilivyokuwa siku ile. Sisemi kulifanya litembee tu, maana kutembeza gari kila fundi anaweza, kwa waya na vipande vya mpira. Nilitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, kila skrubu mahali pake. Ukiniuliza kwa nini, sina jibu la kitaalamu. Siku ile lilipofunuliwa nilikuwa sijaoa, sijazika, na kila kitu kilikuwa bado kinakuja.

Kazi ikanichukua mwaka na zaidi. Nilikwangua ile kijani nikakuta kahawia, nikakwangua kahawia nikafika kwenye bluu iliyopauka. Bluu yenyewe hasa niliikuta chini ya dashibodi, mahali jua halijawahi kufika, nikakibandua kipande kile cha bati na kukizungusha madukani mpaka nilipopata wa kunichanganyia rangi ile ile. Injini niliifungua sebuleni, vyuma nikavipanga juu ya meza aliyokuwa akilia chakula mke wangu. Gaskiti nilikata mwenyewe. Kabureta walikuwa wamefunga ya lori, na ya kwake halisi ililetwa na mfanyabiashara wa mawese kutoka Uvira, imezungushiwa gunia. Siku nilipoipata niliiweka kando ya mto nikalala nayo. Cheka tu.

Viti vya mbele nikavishonea ngozi nyeupe. Kikabaki cha nyuma. Kile kilikuwa kimepasuka katikati, na mtu alikuwa amekitia kiraka cha kitenge, cha njano chenye ndege weusi, kwa mkono, mishono midogo midogo iliyopangana kama meno ya mtoto. Nikakitoa nikakiweka barazani, nikajisemea hicho nitakimalizia mwisho.

Ikafika alasiri moja, mvua imekatika muda huo huo, nikasema leo nijaribu. Nikatia petroli, nikapiga stata. Injini ikaguna, ikakohoa, halafu ikanguruma mngurumo ule niliousikia ujanani. Ilidumu pumzi chache, ikazima. Hata sijafuta mkono, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Limewaka?"

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ua wangu wa michongoma. Mrefu, mwembamba, miguu mitupu, amekumbatia mikono kama mtu anayesikia baridi.

"Mwiriwe, mama," nikamwamkia kwa Kirundi, maana sura na lafudhi vilinitosha. "Bado. Limekohoa tu."

"Likiwaka sawasawa utaniambia, Fundi?"

"Nitakwambia. Karibu ukae."

Akapita viti vyote vya barazani, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha gari. Akawa anakipapasa kiraka. "Hiki usikitoe," akasema.

"Nataka kutia cheupe, mama. Ndivyo kilivyotoka kiwandani."

"Hiki kiache, Fundi."

Ndipo nikaona kitenge alichojifunga ni cha njano chenye ndege weusi. Nikashtuka? Wallahi sikushtuka. Kitenge kikishaingia sokoni wanawake wa mji mzima wanakivaa. Nikamchukulia ni mkimbizi aliyejificha mjini, kama walivyojificha wengi siku zile, na mtu wa namna hiyo humuulizi unakaa wapi.

Akawa anakuja kila siku. Alasiri ikishapoa namwona ameketi, na adhana ya magharibi ikianza, nikigeuka kuwasha taa, hayupo. Chai hakunywa. Nilimkaribisha ugali na migebuka, akasema, "Nimeshiba, Fundi," nami sikumlazimisha. Niliongea mimi. Nilimweleza habari za mke wangu, ugonjwa wake, na jinsi nilivyokuwa stesheni siku anafariki, mambo ambayo hata mabinti zangu sijawaambia. Alisikiliza vizuri. Yeye akisema, anasema habari za gari tu. "Kioo cha nyuma hakishuki mpaka ukinyanyue kidogo kwanza." Nikajaribu, kweli. "Mlango wa kulia ukilia, mtoto anaamka." Nikautia grisi.

Nitakwambia ukweli wangu: nilikuwa na furaha. Nilianza kunyoa ndevu. Nilifagia ua mwenyewe. Kazi ya saa moja naifanya mbili ili alasiri inikute nayo mkononi.

Siku moja Bi Tausi akachungulia juu ya ua. "Shemeji, siku hizi unaongea na nani?"

"Na mgeni wangu."

Akatazama barazani. Mgeni wangu alikuwa ameketi pale pale, ametazama chini. Bi Tausi akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa na huruma, siyo kicheko. "Mgeni gani, shemeji? Mbona naona kiti tu?"

Nilikasirika. Nikamjibu vibaya, akaondoka. Nilipogeuka kumwomba mgeni radhi, hakuwapo, na adhana ilikuwa bado.

Sasa zilikuwa zimebaki bampa na vifuniko vya magurudumu, na gari lilitoka Kidahwe, basi vitu vile vingekuwa Kidahwe. Nikapanda basi asubuhi. Sikutafuta sana. Bampa la mbele nililikuta kwa mzee mmoja mwenye nyumba kando ya barabara, amelitia magogo mawili limekuwa benchi. Kifuniko kimoja cha gurudumu bata walikuwa wakinywea maji. Mzee hakuwa na ubishi, akakubali kubadilishana kwa beseni na kiti cha mbao.

"Kwa hiyo gari la marehemu liko kwako," akasema.

"Marehemu yupi, mzee wangu?"

Akanisimulia tukiwa tumekaa juu ya lile bampa. Gari lilizimikia pale mbele ya nyumba yake. Ndani walikuwamo mume, mke na watoto. Mume alikuwa mwalimu, watu wakimwita Baba Esperansi kwa jina la binti yake mkubwa. Mke alikuwa na homa kali, hawezi kusimama. Likaja lori la kupeleka watu kambini, limejaa hata pa kutia mguu hakuna. Likapokea watoto na baba yao aliyening'inia nyuma, mgonjwa hapana. "Alimlaza kiti cha nyuma," mzee akasema. "Nilimsikia akimwambia, kaa humu, usitoke, naleta daktari na fundi, gari likiwaka tunaondoka wote. Na sisi tulimtazama, tukampa uji. Asubuhi tukakuta amekwisha."

"Na mume?"

"Kambini ukishaingia ilikuwa hutoki bila kibali. Alipokipata na kufika hapa, tulikuwa tumeshazika, na gari limeshavutwa na watu wa mjini."

Akaniongoza nyuma ya shamba lake la mihogo. Palikuwa na tuta dogo lililozungushiwa mawe, safi, limepaliwa. Mzee alikuwa akilipalilia mwenyewe. "Tulimzika na kitenge chake," akasema. "Cha njano, kina ndege."

Nilirudi Katubuka nimepakata bampa ndani ya basi, na abiria wakilalamika linawachoma magoti, wala sikusikia.

Ungekuwa wewe ungelala nyumba ile? Mimi nililala. Ningekwenda wapi? Kesho yake nikafunga bampa, nikasugua mpaka likarudisha uso wangu, na alasiri ikafika. Akawa ameketi.

Nikasogea, nikachuchumaa mbele yake, si karibu sana. "Mama Esperansi," nikamwita.

Hakushangaa kusikia jina lake. "Umetoka wapi, Fundi?"

"Kidahwe."

"Wamekwambia nini?"

"Wamenionyesha mahali."

Akakipapasa kiraka. Ndege fulani alikuwa akilia mwembeni kwa Bi Tausi, nakumbuka mpaka leo. Halafu akasema, "Mimi mahali sipajui. Mimi najua gari tu. Aliniambia nisitoke mpaka liwake. Nimekaa." Akaniinulia macho, na sijawahi kutazamwa vile, kwa subira isiyo na lawama. "Limewaka, Fundi?"

Gari lilikuwa tayari. Ilibaki kugeuza ufunguo. Na mimi, mtu mzima, nilifungua kinywa nikamjibu, "Bado, mama. Bado kidogo."

Unaelewa kwa nini? Likishawaka, anaondoka. Usiku ule nilikaa na redio isiyo na betri nikijiuliza, je, kuna ubaya gani? Yeye hana njaa, hana kiu. Mimi nina mtu wa kunisikiliza. Nikalichelewesha siku ya pili, na ya tatu. Nilifungua skrubu nilizokwisha kuzikaza, nikazikaza tena mbele yake. Naye kila jioni anauliza swali lile lile, kwa sauti ile ile, bila kukasirika. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Angekasirika ningeweza kuendelea. Lakini nilikuwa namwona mke wangu, siku ile ya mwisho, akimuuliza dada yake kama nimefika, na dada yake akimjibu bado, bado kidogo.

Asubuhi ya siku ya gulio kule kambini nikakirudisha kile kiti cha nyuma ndani ya gari, na kiraka chake cha kitenge. Nikageuza ufunguo. Likanguruma, na safari hii halikuzima. Nikafungua mlango wa kulia, nikakunja kiti cha mbele, nikasema kwa sauti, wala sijali Bi Tausi ananisikia, "Limewaka, mama. Twende."

Sikumwona akipanda. Nilichoona ni springi za nyuma zikishuka kidogo, kama zinavyoshuka mtu mwembamba akikaa.

Barabarani watu walisimama kutushangaa. Gari la bluu lile, bampa likiwaka jua, unadhani watu wangeacha? Watoto walitukimbilia. Mimi kioo cha kutazama nyuma nilikuwa nimekigeuza juu, niamini, sikuthubutu. Lakini nilimsikia. Alikuwa akiimba chini chini wimbo wa kumlaza mtoto, kwa Kirundi, na ndani ya gari mlinuka moshi wa kuni na maziwa. Tulipokaribia Kidahwe nikapunguza mwendo, nikidhani labda atataka. Wimbo ukakatika.

"Hapa usisimame," akasema.

Nikakanyaga mafuta.

Gulio lilikuwa nje kidogo ya kambi, watu wakiuza maharage, sabuni, mahindi ya msaada. Nikasimama pembeni, umati ukanizunguka. Nikauliza, nani anamjua Baba Esperansi, mwalimu? Msichana mmoja mwenye ndoo kichwani akanitazama sana, akageuka akaondoka mbio. Baadaye kidogo akarudi ameshika mkono wa mwanamume mrefu, shati limefuliwa mpaka limepoteza rangi. Alikuwa na mvi nyingi kuliko umri wake.

"Unanitafuta, mzee?"

"Nimekuletea gari lako, mwalimu."

Akalitazama kuanzia boneti hadi buti. Akatikisa kichwa. "Silijui hili. Langu lilikuwa la kijani, bovu. Hili ni jipya. Umekosea mtu."

Hapo ndipo kazi yangu ya mwaka mzima ilinichoma. Nilikuwa nimelirudisha kwenye siku yangu mimi, nikaifuta siku yake. Nikafungua mlango, nikakunja kiti cha mbele, nikamwashiria achungulie.

Aliinama. Akaona kiraka. Sikumwona uso, nilimwona mgongo tu, na ule mgongo ulishuka kama gunia lililokatwa kamba. Akaingia taratibu, akakaa nyuma, akauvuta mlango.

Watu wa gulio, hata ukienda leo ukiwapata, watakwambia walimsikia mwanamume mmoja akilia ndani ya gari. Mimi nilisikia wawili. Nilikuwa nimesimama karibu na boneti, na Kirundi si Kiha chetu lakini ni ndugu, naelewa. Mwalimu alikuwa akimwambia, "Walinikataza. Walinikataza kutoka." Na mke akimwambia, "Nilijua. Watoto wamekula?"

Kisha kioo cha nyuma kikanyanyuka kidogo, kikashuka. Mkono ukatoka. Mwembamba, wenye kipande cha kitenge kifundoni.

"Urakoze, Fundi," akanishukuru. "Limewaka vizuri."

Siku zote zile hatukuwahi kugusana. Nikaupokea mkono ule kwa mkono wangu wa kulia, kama unavyomuaga mgeni mwenye heshima. Ulikuwa baridi kama jiwe la chini ya ziwa, kule ambako nyavu hazifiki. Nikaushika mpaka ukawa haupo, nikabaki nimeshika hewa. Springi zikanyanyuka.

Mwalimu akatoka. Msichana, yule Esperansi, alisimama ndani ya mkono wake. Halafu mwalimu akaniomba jambo moja, kwa aibu. Nikachukua spana kwenye buti, nikakifungua kile kiti cha nyuma, nikawapa. Wakakipandisha vichwani, baba mbele, binti nyuma, wakaingia nacho kambini, na nikawatazama mpaka njano ile ikapotea kati ya mahema.

Nilirudi peke yangu. Lile gari lilinguruma barabara nzima kama siku lilipotoka kiwandani, na nyuma yangu palikuwa na shimo tupu la bati. Nimekaa upweke mwingi maishani, lakini ule wa barabara ya Kasulu siku ile sijaupatia jina.

Wamekuja watu kutoka Dar kulitaka, wakauliza kiti cha nyuma kiko wapi, kwa nini nisishone kingine. Sijashona. Bi Tausi sasa hanicheki. Yeye ndiye aliyegundua mwanzo, siku aliponiona nimeshika sufuria jikoni kwake bila kitambaa na sijali. Mkono huu wa kulia tangu siku ile hausikii moto. Hospitali wamenichoma sindano, wamenigonga kwa nyundo ndogo, hawaoni kasoro. Kazi ya kuchomelea nimeiacha, maana nilijiunguza mara mbili nikajua kwa harufu tu. Ukitaka, njoo Katubuka, mchana wa jua kali, unipe mkono. Wengi wameushika. Wengi wameurudisha wao upesi.

Basi nakuonya, wewe unayenisikiliza. Siku ukikuta kitu kilichoachwa na watu waliokuwa wakikimbia, gari, nyumba, hata baiskeli, kabla hujakisafisha kiwe kipya, uliza kwanza kimemwacha nani ndani. Na akitokea, mpe salamu, mkaribishe, msikilize. Lakini akikuuliza kama safari iko tayari, mwambie kweli siku hiyo hiyo. Usiseme bado. Atakuamini, atakaa, na utamzoea. Na mwisho wake utamsindikiza tu, ila wewe hutakuwa na wa kukusindikiza kurudi.